Mzee hakupenda kina cha bure

Ijumaa ile, tarehe 26 Novemba 2021, nilikuwa zamu. Kazi yangu ni ukalimani wa simu: nakaa jikoni kwangu hapa New York nimevaa vifaa vya masikioni, simu zinaingia moja baada ya nyingine, daktari upande huu, mgonjwa upande ule, mimi katikati. Jana yake ilikuwa Sikukuu ya Shukrani na simu zilikuwa za kuhesabu. Jioni ikaingia meseji ya mwenzangu, mkalimani wa Kihispania, mama mtu mzima wa Puerto Rico ambaye amenitangulia kazini miaka mingi. Aliandika maneno mawili tu: mzee ameondoka. Sikuuliza mzee gani. Kati yangu na yeye, mzee ni mmoja.

Stephen Sondheim alikuwa amefariki nyumbani kwake Roxbury, Connecticut, akiwa na miaka 91. Alhamisi alikula sikukuu na marafiki, Ijumaa akaaga dunia. Mwenzangu aliponipigia alisema kifo cha namna hiyo hata yeye angekiagiza, kisha akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimekula.

Kwa asiyemjua nitakwenda haraka, maana wasifu wake umejaa magazetini. Alikuwa mtunzi wa tamthilia za nyimbo, zile za Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho hapa New York, ambamo watu wanaongea mpaka maneno yanawajaa kifuani, ndipo wanaimba. Alianza kwa kuandika maneno tu huku muziki ukitungwa na wengine: West Side Story mwaka 1957, kwa muziki wa Leonard Bernstein, yeye akiwa kijana wa miaka 27, kisha Gypsy mwaka 1959. Kuanzia 1962 akashika vyote viwili, maneno na muziki. Ndiye wa Company, Follies, A Little Night Music, Sweeney Todd, Sunday in the Park with George, Into the Woods. Mtaa wa 43 kuna jumba la maonyesho linaloitwa kwa jina lake tangu 2010, na mwaka 2015 Rais Obama alimvisha nishani ya juu kabisa anayopewa raia wa Marekani. Hayo yatosha. Mimi nataka kuzungumza habari ya vina.

Niliingia kwenye mambo haya mwaka 2006, tena kwa bahati. Mwenzangu alikuwa na tiketi mbili za Sweeney Todd pale Eugene O'Neill Theatre, dada yake akaumwa. "Twende," akaniambia, "ni habari ya kinyozi anayechinja wateja wake." Nikadhani ananitania. Nilikuwa na miaka miwili tu mjini, Kiingereza changu kilikuwa cha mahakamani na hospitalini, na sijawahi kukanyaga jumba la Broadway. Taa zikazimwa. Hapakuwa na okestra shimoni, waigizaji wenyewe ndio walioshika ala. Patti LuPone, aliyekuwa mama muuza pai, alitokea na tuba, lile tarumbeta kubwa la kukumbatia kama mtoto mnene. Nikajiambia, hawa watu wamefilisika.

Mpaka ukafika wimbo wa mwisho wa sehemu ya kwanza. Kinyozi ana maiti, mama ana duka la pai lisilo na nyama, na nchi ina njaa. Wanaangaliana. Halafu, kwa mdundo wa waltz, mtamu kabisa, wanaanza kutupiana utani: pai ya kasisi ina ladha gani, ya mwanasheria je, ya mwanasiasa, ya mshairi. Kama umewahi kuona watani wakiingia msibani, wakamwiga marehemu mpaka wafiwa wanacheka huku kamasi zinawatoka, basi umeshauelewa wimbo ule bila mimi kuutafsiri. Nilicheka mpaka mama wa kiti cha mbele akageuka. Nilipotoka nje kwenye mapumziko ndipo nilipotambua nilichokuwa nikikichekea.

Jambo moja lilinikaa sikioni. Kicheko cha watu mle ndani kilikuwa kinatua kwa pamoja, kama kimepigiwa filimbi, na kilikuwa kinatua juu ya kina. Siyo kabla, siyo baada. Yule mtu alikuwa ameficha nusu ya mzaha kwenye silabi ya mwisho, na wasikilizaji wote wakawa wameishika nusu ya kwanza mkononi wakiisubiri nyingine.

Mimi vina navijua. Nimelelewa na mjomba aliyekuwa akituma mashairi magazetini, na kabla hajatia kwenye bahasha alikuwa akihesabu mizani kwa kugonga vidole ukingoni mwa meza, nane, nane, nane, nane. Shairi la mtu mwingine likipungua mizani moja aliliita guni na kumrudishia mwenyewe kama chenji pungufu. Kwa hiyo niliposikia kwamba mzungu wa Broadway ameandika kitabu kizima cha kugombana na vina, nilikinunua siku ileile. Kinaitwa Finishing the Hat, kilitoka mwaka 2010. Ndani yake nyimbo zake zimepangwa na kando yake anaandika: hapa nilikosea, hapa niliiba, hapa nilikuwa mvivu. Anawakosoa na watunzi wengine pia, akiwemo mwalimu wake mwenyewe, lakini kwa sharti moja, kwamba mtunzi huyo awe ameshakufa. Walio hai hakuwagusa, alisema itawaumiza bure. Sasa naye ameingia kundini, na sharti lake linaturuhusu.

Sheria yake ya vina ni kali, na nikiieleza kwa Kiswahili inakuwa kama ifuatavyo. Irabu yenye mkazo ifanane, na kila kinachofuata kifanane, lakini konsonanti iliyotangulia mkazo ni lazima itofautiane. Chukua "pata" na "kata": mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, irabu ni ileile, "ta" ni ileile, "p" na "k" zinatofautiana. Hicho ni kina safi. Chukua "pata" na "kupata": kila kitu kimefanana mpaka konsonanti, kwa hiyo umesema neno lilelile mara mbili, hakuna kina. Sasa chukua "kata" na "pita". Mjomba angevipokea bila kupepesa, "ta" kwa "ta", shairi limetimia. Sondheim angechukua penseli. Irabu yenye mkazo si moja, kwa hiyo kwake hapo hapana kitu.

Nilikaa na jambo hili wiki mbili kwenye treni. Maana yake ni kwamba sisi tunapanga vina juu ya silabi isiyo na mkazo, ile inayoanguka mwishoni kama mkia, na wao wanapanga juu ya silabi inayobeba uzito. Ndiyo sababu shairi letu linaweza kwenda beti ishirini kwa kina kimoja bila kuchosha, na wimbo wao ukirudia kina mara ya nne unasikika kama mchezo wa watoto. Nikajaribu kutunga kwa sheria yake. Nilipata mishororo minane kwa mwezi mzima na sita kati yake ilikuwa upuuzi mtupu.

Lakini usafi wa kina haukuwa ndiyo shida yake kubwa. Shida yake ilikuwa: kina hiki ni cha nani? Aliona kwamba mtu anayeimba kwa vina vingi, vina ndani ya vina, ni mtu mwenye akili inayokwenda mbio, aliyesoma, au mwenye wasiwasi unaomchemsha. Mtu wa maneno machache usimpe vina vingi. Ukimpa, msikilizaji anaacha kumwona yeye, anaanza kukuona wewe mtunzi umejificha nyuma ya gauni lake.

Na mtu aliyekosea hapo kuliko wote, kwa hesabu yake mwenyewe, ni yeye. Kwenye West Side Story yumo Maria, msichana mgeni kutoka Puerto Rico, anafanya kazi kwenye duka la nguo za maharusi. Amependa, anajitazama, anaimba I Feel Pretty. Kijana Sondheim alikuwa na hamu ya kuonyesha kwamba anaweza, akampa vina vya katikati, vya pembeni, vya kubingirika. Katika mazoezi kabla ya onyesho, mtunzi mwenzake Sheldon Harnick akamgusia kwamba mambo hayo hayamfai binti huyo. Sondheim akasema baadaye kwamba Maria wake angekaribishwa sebuleni kwa Noël Coward, yule mtunzi Mwingereza wa maneno ya kimadaha. Akaandika upya maneno mepesi zaidi, wenzake kwenye kazi wakayakataa, wimbo ukabaki ulivyo, dunia nzima ikaupenda, na yeye akaona haya kila aliposikia, miaka zaidi ya sitini.

Nilipomsomea mwenzangu habari hii hakushangaa hata kidogo. Alisema, "Binamu yangu alikuja Bronx akiwa na umri wa yule binti. Miezi sita ya kwanza alikuwa anasema ndiyo, hapana, na bei gani." Mwaka 2009 tamthilia ilirudishwa Broadway na sehemu za nyimbo za Wapuertoriko zikatafsiriwa Kihispania na mtunzi na mwigizaji Lin-Manuel Miranda, ukiwamo na huo wimbo. Mwenzangu alikwenda mara mbili. Baadaye baadhi ya sehemu zikarudishwa Kiingereza, na hilo bado hajalisamehe.

Sasa niseme kwa nini mimi habari hii ilinichoma.

Kabla ya ukalimani wa simu nilikuwa mahakamani, kesi za uhamiaji. Sitasema ya lini wala ya nani, kiapo ni kiapo. Mzee mmoja mwombaji wa hifadhi, anaongea Kiswahili cha Kongo, akaulizwa nini kilitokea siku ile. Akajibu: "Walikuja. Nilikimbia. Mtoto alibaki." Sentensi tatu, kila moja na kituo chake. Nami, nilikuwa mpya, nilikuwa nataka jaji ajue kwamba Kiingereza nakiweza, nikazishona zikawa moja: walipowasili nililazimika kutoroka, na kwa bahati mbaya mtoto akabaki nyuma. Ilitoka vizuri, inateleza.

Wakili wa upande wa pili akainuka. "Umesema kwa bahati mbaya. Unamaanisha nini, ilikuwa bahati?"

Nikamgeuzia mzee swali hilo kwa Kiswahili. Alinitazama mimi, siyo wakili. Hakuwa amesema bahati yoyote. Ilinibidi niseme kwa sauti, mbele ya kinasa sauti cha mahakama, kwamba mkalimani anaomba kurekebisha tafsiri yake. Nikazirudia zile tatu, moja, moja, moja. Chumba kilinyamaza. Kikao kilipoisha wakili wa mzee akanishika bega kwenye korido, akaniambia, bila hasira, "Yeye haongei hivyo."

Ndiyo maana nilipofika kwenye ukurasa ule wa Maria, niliufunga kitabu kwanza. Mkalimani anasema "mimi" na huyo mimi siyo yeye. Mtunzi wa maneno ya tamthilia naye anasema "mimi" kutwa nzima na hakuna mimi hata mmoja aliye wake. Hatukuwa na kingine cha kufanana, yule bwana na mimi, yeye na nyumba yake ya Turtle Bay, Mtaa wa 49 Mashariki, na jirani yake, mwigizaji wa sinema Katharine Hepburn, aliyekuja kumlalamikia kwamba piano yake inamnyima usingizi. Lakini aibu ile niliitambua kama mtu anavyotambua kikohozi cha ndugu yake gizani.

Alifundishwa mapema, na mwalimu wake hakumdekeza. Wazazi wake waliachana akiwa na miaka kama kumi, akahamia Pennsylvania na mama yake, mama ambaye aliwahi kumwandikia barua kwamba jutio lake maishani ni kumzaa. Jirani yao kule alikuwa Oscar Hammerstein, mtunzi wa maneno wa Oklahoma! na Carousel. Akiwa na miaka 15 Stephen aliandika tamthilia ya shule yake, akampelekea Hammerstein, akamwomba aisome kana kwamba hamjui aliyeiandika. Mzee akaisoma, akamwambia ni kitu kibaya kuliko vyote alivyowahi kusoma. Kijana midomo ikamcheza. Mzee akaongeza kwamba hakusema hana kipaji, amesema kazi ni mbovu, na kama anataka kujua kwa nini, akae. Wakaanza ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, mpaka jioni. Halafu akampa kazi ya miaka: andika tamthilia nne, ya kwanza kutokana na mchezo unaoupenda, ya pili kutokana na mchezo wenye kasoro, ya tatu kutokana na hadithi isiyo mchezo, ya nne ya kubuni mwenyewe. Hammerstein alifariki mwaka 1960. Muda mfupi kabla, alimpa Sondheim picha yake ameiandikia: kwa rafiki na mwalimu wangu. Mwalimu ndiye aliyeandika hivyo kwa mwanafunzi.

Wimbo wake nilioujaribu kwa Kiswahili ni Send in the Clowns, na niliungama kushindwa ndani ya usiku mmoja. Watu wengi wanadhani una sarakasi. Hauna. Ni msemo wa watu wa jukwaa, kwamba onyesho likiharibika, walete wachekeshaji waokoe jahazi. Aliutunga mazoezi ya A Little Night Music yakiwa yanaendelea, mwaka 1973, kwa ajili ya mwigizaji Glynis Johns, ambaye sauti yake ilikuwa ya kupendeza lakini fupi ya pumzi. Basi akamkatia vipande vidogo vidogo, vingi ni maswali, na mwisho wa vipande akaweka maneno yanayofungwa na konsonanti ngumu, ili sauti ikatike yenyewe na mama asilazimike kuivuta. Anasikika kama mwanamke aliyeishiwa la kusema. Kumbe ni hesabu ya mapafu.

Sasa upeleke huo kwenye Kiswahili. Neno gani letu linafungwa na konsonanti? Ukiacha machache ya kukopa, kila neno mlango wake uko wazi, a, e, i, o, u. Mwimbaji akifika mwisho wa swali anakuta irabu imemsubiri, na irabu inataka kuvutwa. Ule wimbo wa mtu anayejizuia ukiutia kwenye lugha yetu unakuwa wa mtu anayelia. Niliandika "waleteni wachekeshaji", nikahesabu silabi kwa vidole, nikajicheka mwenyewe, nikalala.

Sikupenda kila kitu chake, na sitajifanya. Tamthilia yake Passion nimeisikiliza mara tatu na mara zote tatu nilitamani mtu afungue dirisha. Kuna nyimbo ambazo ujanja umezidi chumvi, yeye mwenyewe amezitaja kitabuni kabla sijazikuta. Na alianguka vibaya mbele ya watu: Anyone Can Whistle ilifungwa baada ya maonyesho 9 mwaka 1964, na Merrily We Roll Along baada ya 16 mwaka 1981. Miaka mitatu baada ya anguko hilo la pili akatoa Sunday in the Park with George, akiwa na mwandishi James Lapine, na hiyo ikawapa tuzo ya Pulitzer mwaka 1985.

Usiku ule wa Ijumaa, baada ya zamu, nilikaa nimwandikie tanzia. Kwetu mtunzi akifa hasindikizwi kwa insha. Nikasema niitunge kwa sheria yake, vina vyenye mkazo, katikati na mwisho:

Kalamu imeanguka, ilokuwa haichoki,
Na wino umekauka, na sauti haitoki.

Nikaisoma. Mizani nane kwa nane. "Anguka" na "kauka", safi. "Haichoki" na "haitoki", safi. Mjomba angegonga meza. Kisha nikamsikia mzee. Wino gani? Sondheim aliandika kwa penseli, amelala chali kwenye kochi, kwenye karatasi za njano zenye mistari. Alichagua penseli laini kwa sababu zinaisha ncha upesi na kumpa kisingizio cha kuinuka kwenda kuchonga. Penseli haikauki. Neno "wino" sikulileta mimi, limeletwa na "umekauka", na "umekauka" imeletwa na "imeanguka". Kina kimenishika mkono kama kipofu kikanipeleka kinakotaka. Nikakata mshororo wa pili, nikaacha wa kwanza, na hata huo una "kalamu" ambayo inanitia wasiwasi.

Jumapili mchana mwenzangu akanipitia twende Times Square. Waimbaji wa maonyesho mbalimbali ya Broadway walikuwa wamepeana miadi kukusanyika kwenye zile ngazi nyekundu za juu ya kibanda cha tiketi. Kulikuwa na baridi. Tulifika tumechelewa na tukasimama nyuma ya kijana aliyembeba mtoto mabegani, kwa hiyo nilichokiona zaidi ni soli za viatu vya mtoto. Lin-Manuel Miranda alisoma kutoka kitabu cha marehemu. Halafu wakaimba Sunday.

Huo ndio wimbo unaofunga sehemu ya kwanza ya tamthilia ile ya 1984. Mchoraji Georges Seurat ana turubai kubwa, picha ya watu wa Paris wakipumzika kando ya mto, ile iliyoko Chicago, na muda wote watu wake wamekuwa wakigombana, wanasukumana, wanatukanana. Anawapanga. Mmoja mmoja anaingia mahali pake, na wanaimba. Wanachokiimba ni rangi, nyasi, maji, miti, na siku ya wiki. Basi. Hakuna utani, hakuna kina cha kubingirika. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kufanya lolote kwa silabi, alipofika pale pa juu kabisa, akaita rangi kwa majina yake.

Mamia ya watu waliokwisha imba maisha yao yote walikuwa wanaimba hilo kwenye mtaa wenye kelele kuliko yote niijuayo, na kwa dakika kadhaa sikusikia honi. Labda zilikuwepo. Mwenzangu alikuwa anaimba pia, kwa Kiingereza chake cha Bronx, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Nikakumbuka "na sauti haitoki" na nikaona afadhali nilivyoukata.

Niliporudi nyumbani nilifungua droo. Mwaka 2018 nilimwandikia barua. Ilijulikana kwamba anawajibu hata watu asiowajua, kwa vijibarua vifupi vilivyopigwa taipu, na wapo wanaovitundika ukutani. Nilimweleza habari ya "kata" na "pita", nikamuuliza angefanya nini kama lugha yake ingekuwa na mkia usio na mkazo kwenye kila neno. Niliiandika upya mara nne, maana nani atathubutu kumpelekea yule mzee sentensi yenye neno la ziada. Mara ya nne niliona bado aya ya pili ni ndefu. Nikasema nitaipunguza wiki ijayo.

Barua nimeiweka ndani ya kitabu, kwenye kurasa zake za vina. Bahasha ilikuwa bado nzima, stempu iko juu, zile za hapa ambazo hazipitwi na bei hata zikikaa miaka. Jumatano ilikuwa tarehe mosi na kodi ya nyumba haingoji. Anwani yake nilikuwa nimeiandika kwa penseli. Nikaifuta, nikaandika ya mwenye nyumba, nikatia hundi ndani.